Ziwa Limefungwa, Ufukwe Je?

Tarehe 15 Mei 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga mjini Kigoma vipe, vyombo vya kuvulia dagaa kwa taa, vilipandishwa nchi kavu, taa zikawekwa ndani, na wachuuzi wa dagaa wakaanza kutafuta la kufanya. Sababu iliyotangazwa haikuwa ngumu kueleweka: samaki waachwe wazaliane na wakue. Ila samaki wengi wa ziwa hili hawazalii kule kwenye maji makuu. Wanazalia pembeni, kwenye mita chache za maji, palepale ambapo mji wa Kigoma unaoga, unafua, unapakia shehena za Kongo na Burundi, na kumwaga maji ya mvua yaliyobeba udongo wa vilima vyake. Kwa miezi mitatu nyavu zilipumzika. Mji haukupumzika.

Katika kulinda mazalia yaliyo mlangoni mwa mji, watu wa bahari wametangulia. Katika maji ya Tanzania huonekana spishi tano za kasa, na mbili kati yake, kasa wa kijani na ng'amba, hutaga kwenye fukwe zetu. Shirika la Sea Sense la Dar es Salaam, lililoanza mwaka 2001, limesimamia ulinzi wao kuanzia Mafia hadi fukwe za Kigamboni, mlangoni kabisa mwa jiji la watu zaidi ya milioni tano. Kazi yenyewe ni ya miguu kuliko ya maabara. Mwanakijiji aliyefundishwa hutembea ufukweni alfajiri akiangalia mchanga, na akikuta mburuzo mpana kama njia ya tairi la trekta, anajua jike alipanda usiku kutaga. Kiota huandikwa. Kikiwa mahali ambapo maji kujaa yatakifikia, mayai, ambayo mara nyingi hupita mia moja, huhamishiwa juu. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, nao huhesabiwa. Waangalizi wa kijijini wamekuwa wakilipwa posho kwa kiota wanachoripoti, na nyongeza kwa watoto walioanguliwa salama.

Karibu na jiji kuna kero ya ziada: taa. Watoto wa kasa wakichomoza usiku hufuata upande wenye mwanga, na kwa mamilioni ya miaka mwanga huo ulikuwa wa bahari. Taa ya hoteli au ya barabarani huwapeleka bara, wakafie kwenye majani. Pamoja na yote hayo, mlinzi wa kasa ana bahati moja kubwa: kiota chake kinaonekana. Kina mahali, kina tarehe, kina mtu aliyekiona kwa macho yake. Mwenye hoteli akiambiwa azime taa fulani, anaweza kuonyeshwa ni kwa ajili ya shimo lipi.

Ziwa Tanganyika halina kasa wa baharini, lakini viota linavyo tele. Vipo mbele ya mji ambao kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya 230,000, vingine kwa umbali ambao mtoto wa Katonga huogelea bila kupumzika. Kwa kuwa vimo chini ya maji, mji umekua kana kwamba havipo.

Ramani humdanganya mtu kuhusu ukubwa wa ziwa hili. Lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kina. Lakini oksijeni yake huishia kati ya mita 100 na 200 kwenda chini. Chini ya hapo ni maji yasiyofaa samaki, kilomita nzima na zaidi ya giza tupu. Uhai wa samaki umebanwa kwenye tabaka la juu, na kwa samaki wanaohitaji sakafu ya kutagia, umebanwa zaidi kwenye ukingo mwembamba unaozunguka ziwa. Pwani ya Kigoma ina miteremko mikali. Mahali pengine ukitoka ufukweni hatua chache tu tayari uko kilindini. Ukingo huo mwembamba ndio makazi ya wengi kati ya samaki 240 hivi wa jamii ya perege, wale ambao wataalamu huwaita sikilidi, na karibu wote hawapatikani popote pengine duniani.

Aliyewahi kuvaa miwani ya kuogelea na kushuka mita tatu au nne kwenye maji meupe kusini mwa Katonga anajua kinachozungumzwa hapa. Sakafu ya mchanga si tambarare. Ina visahani, kimoja hapa kingine pale, na juu ya kila kisahani amesimama dume mmoja mwenye rangi kali, anainama, anachota mchanga kwa mdomo, anautema ukingoni, anarudi. Jani likidondokea ndani, analitoa. Jirani akisogea, anafukuzwa. Kazi hiyo huendelea siku nyingi, na lengo lake ni jike apite, akubali, atage, kisha ayabebe mayai mdomoni mwake na kuondoka. Mguu mmoja wa mtu anayesukuma mtumbwi unatosha kukibomoa kisahani; dume atakijenga upya. Wavu wa kukokota ukipita, hana cha kujengea wala wa kumjengea.

Mbele kidogo kuna uwanja wa makombe ya konokono. Konokono wa ziwa hili aitwaye Neothauma akifa huacha kombe zito, na makombe hayo yamerundikana kwa zama nyingi. Vipimo vilivyofanywa kwenye matabaka ya eneo la Kigoma vimeonyesha kuwa baadhi yana umri unaopita miaka elfu moja. Ndani yake wanaishi samaki wadogo ambao nyumba yao, kitanda chao na wodi yao ya uzazi ni kombe hilo moja. Kuna spishi, Lamprologus callipterus, ambayo dume wake hubeba makombe matupu mdomoni na kuyakusanya mahali pamoja ili majike waingie kutaga. Ili aweze kuyabeba lazima awe mkubwa, na ili jike aweze kuingia lazima awe mdogo: kwa wastani dume ana uzito wa zaidi ya mara kumi na mbili ya jike. Jike huketi ndani na mayai yake, haendi kokote. Anayeinua kombe, kwa mkono au kwa wavu, anainua familia.

Kwenye mawe mambo ni mengine. Samaki wa kundi la Tropheus, wanaokula mwani unaoota juu ya mawe, hutaga mayai machache sana, pengine chini ya kumi, na jike huyalea mdomoni kwa muda wa mwezi hivi. Linganisha na kasa anayefukia mia na ushee na kwenda zake. Tropheus hapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila safu ya mawe imezaa rangi yake: hawa wa mistari, wale wa mkanda wa njano, wengine weusi watupu. Wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani huwajua kwa majina ya mahali walikovuliwa, Kigoma likiwa mojawapo. Safu moja ya mawe ikifukiwa na udongo, hakuna wa kuja kutoka safu ya pili kuijaza. (Wapo pia wajanja. Aina moja ya gogogo wa ziwa hili hupenyeza mayai yake katikati ya mayai ya samaki mwingine anayetaga, mama asiye na habari akayazoa yote mdomoni. Watoto wa gogogo huanguliwa kwanza na kuwala wenzao. Hata matapeli wa ziwa hili wanategemea ufukwe uliotulia.)

Msomaji wa Soko la Mwanga, mjini Kigoma, anaweza kuuliza: samaki wa mapambo na konokono vinanihusu nini mimi, ninayetaka mgebuka wa kukaanga? Vinamhusu kwa njia iliyonyooka kabisa. Kile kinachoitwa dagaa wa Kigoma ni spishi mbili. Mmoja, dagaa mwenyewe, huzalia kwenye maji makuu, na kufunga ziwa kunamfaa. Anaishi mwaka mmoja hivi, anazaa upesi, akipumzishwa anaonekana upesi. Wa pili, lumbu, ni wa ufukweni: huzalia pembeni na watoto wake hukulia pembeni. Sangala na nonzi, samaki wakubwa wanaoheshimika sahanini, huanza maisha yao kwenye majani ya majini yaliyo karibu na nchi kavu kabla ya kuhamia kilindini. Na kuhe, mmoja wa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani, ambaye huweza kupita nusu mita, huchimba kiota mchangani na kutaga mayai kwa maelfu. Kisha baba na mama husimama pamoja juu ya kundi la watoto kwa wiki kadhaa. Hawaondoki wala hawajifichi. Kwa mvuvi mwenye wavu hakuna samaki rahisi kuliko mzazi aliyekataa kuwaacha watoto.

Hapo ndipo kokoro linapoingia. Kokoro ni wavu mrefu wa matundu madogo unaotandazwa kwa mtumbwi kutoka ufukweni na kuzungushwa nusu duara, halafu makundi mawili ya watu nchi kavu huvuta kamba mpaka mfuko wake ufike mchangani. Ni kazi ya jasho na ya kelele, na kabla mfuko haujatua watoto wamekwisha kuzunguka na vibakuli. Ukiangalia kinachomwagwa utaona lumbu wa urefu wa kidole, vidagaa vya kung'aa, na humo katikati watoto wa samaki wengine ambao hakuna aliyewakusudia. Uzito wa chini wa wavu umekwangua visahani, umepindua makombe, umeng'oa majani. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009 zimelipiga marufuku. Operesheni zikija, nyavu huchomwa moto na picha hupigwa.

Kokoro hurudi. Sababu si ujuha wa wavuvi, na mwandishi anayelieleza hivyo hajasimama Kibirizi akaona nani anavuta kamba. Kipe kinahitaji mitumbwi, wavu mkubwa, taa, injini na mafuta. Ni mtaji wa tajiri. Kamba ya kokoro inahitaji mikono. Anayeivuta ni kijana asiye na chombo, mara nyingi mgeni aliyefuata riziki ziwani, au mama ambaye jioni hana mboga. Ziwa lilipofungwa, mwenye kipe alipata hasara. Asiye na kipe alibaki na ufukwe tu.

Kuna pia chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kaya za kando ya Ziwa Tanganyika ulikuta zaidi ya kaya nane katika kila kumi zimetumia vyandarua vya mbu kuvulia. Vyandarua vyenyewe vilitolewa bure kuzuia malaria. Matundu yake hayaachi hata kifaranga cha samaki, na vimelowekwa dawa. Mtu anaweza kukasirika, lakini afadhali ahesabu kwanza: wavu wa bure, ufukwe wa bure, mboga ya leo. Upande wa pili wa mizani kuna kuhe ambaye angepatikana baada ya miaka kadhaa, na angevuliwa na mtu mwingine.

Hata hivyo, kama lingekuwa kokoro peke yake, askari wa kutosha wangelimaliza. Kinachoua viota vya mji huu kimyakimya ni udongo.

Kigoma imejengwa juu ya vilima, na mvua zake huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mlima ukivuliwa miti, ukakatwa viwanja, ukachongwa barabara za vumbi, kila mvua kubwa huteremsha wekundu ziwani. Anayeishi Mwanga ameona mitaro ikigeuka rangi ya matofali. Anayeishi bondeni ameona doa la tope likitanuka majini baada ya mvua na kukaa siku kadhaa. Kusini mwa Ujiji, Mto Luiche nao hufanya hivyohivyo kwa kiwango cha mto. Kwa macho ya juu ni maji machafu ambayo yatatulia. Chini, kutulia huko ndiyo maafa yenyewe: tope laini huziba nyufa kati ya mawe ambamo samaki hutaga na kujificha, hufunika mwani ambao ni chakula chao, na huingia ndani ya makombe.

Mwaka 1993 Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha ulinganisho wa fukwe za kaskazini mwa ziwa zinazopokea udongo mwingi na zile zinazopokea kidogo. Kwenye udongo mwingi spishi za viumbe wadogo wa sakafuni na za samaki zilikuwa chache waziwazi. Baadaye Cohen aliongoza Mradi wa Nyanza, ulioanza 1998 na kuwafundisha wanafunzi wa Kiafrika na Kimarekani kwa majira kadhaa wakiwa na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) mjini Kigoma. Wanafunzi hao walizama kwenye maji hayahaya ya mbele ya mji. Ujuzi haujakosekana, basi. Ulipatikana hapahapa, ukaandikwa kwa lugha ya kigeni na kuhifadhiwa mbali.

Sasa weka kalenda mbili sambamba. Ziwa hufungwa katikati ya Mei na kufunguliwa katikati ya Agosti, yaani wakati wa kiangazi. Udongo hushuka Novemba hadi Aprili, wakati ziwa liko wazi na hakuna anayezungumzia mazalia. Aidha, sikilidi wengi hawana msimu mmoja. Huzaa mwaka mzima, na baadhi yao hufuata mwezi angani kuliko miezi ya kalenda. Wavuvi nao hufuata mwezi: wa vipe hupumzika siku za mbalamwezi, kwa sababu taa haivuti dagaa mbingu ikiwa na taa yake. Kufunga kwa tarehe kunamlinda samaki wa kilindini. Samaki wa ufukweni anahitaji mahali palipofungwa, mwaka mzima, hata pakiwa padogo.

Kwamba mahali padogo panasaidia si nadharia. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985 kwa ajili ya sokwe zaidi kuliko samaki, ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni ambamo uvuvi hauruhusiwi. Mwaka 2013 Emmanuel Sweke wa TAFIRI na wenzake walilinganisha samaki wa ndani ya hifadhi na wa maeneo yasiyolindwa, wakakuta ndani kuna aina nyingi zaidi na wingi zaidi. Mwaka 2017 watafiti wengine walipima fukwe za mawe kwa kufuata kiwango cha usumbufu wa binadamu, wakakuta palipo na watu wengi pana spishi chache kuliko ndani ya hifadhi. Jambo la kuvutia ni kwamba hifadhi hiyo ilichorwa kwa kuangalia nchi kavu. Msitu uliobaki juu ndio uliozuia udongo usishuke, na samaki wakafaidi bila kutajwa kwenye hati.

Mtu atasema Mahale ni porini, na kweli. Lakini vipo vijiji pia. Katika ukanda wa Mahale, mradi wa Tuungane wa mashirika ya The Nature Conservancy na Pathfinder umefanya kazi na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, hadi vikatenga mazalia ya samaki na kuyalinda wavuvi wenyewe. Kijijini hili hufanya kazi kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: watu wanajuana. Anayevuta kokoro kwenye zalio ni mtoto wa fulani, na jioni baba yake ataulizwa. Kigoma mjini ufukwe ni wa kila mtu. Kuna abiria wa kwenda Kagunga, mpakiaji wa saruji, mnunuzi wa dagaa kutoka Dar es Salaam, mpangaji wa mwezi mmoja. BMU ya mwalo wa mjini inasimamia soko, bandari ndogo na kituo cha mabasi ya majini kwa wakati mmoja, na wajumbe wake wenyewe wanaishi kwa ushuru wa vile vinavyotua.

Sheria ya ardhi ya ufukwe nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ingetekelezwa, nyasi na vichaka vya ukanda huo vingechuja sehemu kubwa ya tope kabla halijafika majini. Ugumu ni kwamba ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Katika karne ya 19 lilipanda mpaka mwaka 1878, maji yalipojipasulia njia kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo na kuanza kushuka kwa kiasi cha mita kumi; ndiyo sababu mnara wa Livingstone pale Ujiji uko mbali na maji leo, ingawa mwaka 1871 Stanley alimkuta mzee huyo kwenye mji wa ufukweni. Lilipanda tena hadi kilele cha 1964. Kuanzia mwisho wa 2019 limepanda kwa kasi iliyozamisha nyumba kutoka Bujumbura hadi pwani ya Kigoma, na mwaka 2024 lilikaribia tena alama za 1964. Mita 60, basi, zipimwe kutoka ukingo upi? Aliyejenga kihalali miaka ya ukame amejikuta majini pamoja na choo chake. Tume yoyote itakayopima ukanda huu kwa ukingo wa siku ya kupima itakuwa imeandika juu ya mchanga. Kipimo cha kutumia ni alama ya juu ya maji ya 1964, inayojulikana na iliyorekodiwa, hata kama itawaudhi wenye viwanja.

Kuna hoja nzito zaidi ya kupinga juhudi zote hizi, nayo inatoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba ongezeko la joto limelifanya ziwa lichanganyike kidogo, virutubisho vya chini visipande, na uzalishaji wa mwani upungue kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo kwa makadirio yao lingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Kama ndivyo, kulinda visahani vya mchanga Katonga ni kama mchezo. Hoja hii inawafurahisha wote wanaopenda tatizo liwe la Ulaya na China. Lakini inaelezea maji makuu na dagaa wake. Tope la mtaro wa Mwanga halikutokana na joto la dunia, na hata kama keki imepungua kwa asilimia 30, hakuna anayeshinda kwa kukanyaga iliyobaki. Zaidi ya hayo, joto haliko mikononi mwa Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Mtaro uko.

Na hapa ndipo ugumu wa mji unapoonekana wazi: mtaro ni wa nani? Samaki ni wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, lakini ofisa uvuvi wa mwalo ni mwajiriwa wa halmashauri. Maji ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma. Mita 60 ni za taasisi ya taifa ya mazingira. Gati na kipande chake cha pwani ni vya Mamlaka ya Bandari. Juu ya wote wapo wenzetu wa Kongo, Burundi na Zambia kupitia Mkataba wa ziwa hili uliosainiwa Dar es Salaam mwezi Juni 2003 na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi Bujumbura, ambako ndiko mataifa manne yanakokubaliana habari za kufunga ziwa. Ngazi hiyo ya juu inafaa kwa dagaa wasiojua mpaka. Kwa Tropheus asiyevuka hata mchanga wa mita mia mbili, mkutano wa Bujumbura hauna msaada mkubwa. Anamhitaji ofisa ardhi wa wilaya.

Pa kuanzia ni kuandika viota. Yafaa ijulikane ni wapi hasa, kuanzia mawe ya kaskazini mwa Kibirizi kuelekea Kalalangabo, kupita rasi ya Bangwe, hadi pwani ya kusini mwa Katonga na mdomo wa Luiche, kuna makombe, kuna majani ya watoto wa sangala, kuna mchanga wa kuhe. Si kila kipande kifungwe. Mji unahitaji mahali pa kutua mitumbwi na pa kuanika dagaa. Vipande vitano au sita vilivyochaguliwa vizuri, vyenye maboya juu ya maji na kibao nchi kavu, vingetosha kwa mwanzo, mradi mitaro inayomwaga juu ya vipande hivyo ichimbiwe mashimo ya kutulizia tope na mabonde yake yapandwe majani. Kipande kisicho na mtaro juu yake kitagharimu kidogo. Vya namna hiyo ndivyo vya kuchagua kwanza, hata kama si vizuri kuliko vyote.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo, na kila ziwa linapofungwa wanakaa bure kwa siku tisini hivi. Vijana wa vipe na wa kokoro wanaijua sakafu ya ufukwe huu kuliko mtafiti yeyote. Wanajua wavu unakwamia wapi na kuhe husimama wapi. Posho ya kuzama na kuchora ramani pamoja na TAFIRI katika miezi ile, na baadaye posho ya kulinda kipande kilichochorwa, ingempa mvuta kamba sababu ya kuiacha kamba. Uzoefu wa kasa unaonya jambo moja: posho inayotegemea mfadhili hukatika mfadhili anapoondoka. Kigoma ina chanzo chake. Halmashauri hutoza ushuru kwenye dagaa na samaki wanaoondoka mialoni kwenda Tabora, Dar es Salaam na ng'ambo. Ni shilingi ngapi za ushuru huo zinazorudi ufukweni ulikotoka, na zirudi kwa fungu gani la bajeti, ni suala la madiwani wa Kibirizi, Bangwe, Mwanga na Ujiji kulipeleka kwenye kamati ya fedha kabla mvua za Novemba hazijaanza.